Kesi Iliyokuwa Kubwa Kuliko Kosa

Marahaba, wanangu. Mwalimu wenu wa uuguzi aliponipigia simu kuniomba niwaandikie kuhusu kazi, nilikuwa napalilia maharage yangu huku Kwashemshi, jembe mkononi, simu nimeibana kwa bega. Nikamwambia mimi kuandika sikuzoea, nimezoea kuuliza watu maswali. Akasema, "Basi bibi, waandikie hayo maswali." Nimejaribu. Mkiona naruka kutoka hapa kwenda pale, mnivumilie, ndivyo ninavyokumbuka.

Nilikuwa muuguzi wa afya ya akili, Korogwe kwanza, halafu miaka mingi ya kwenda na kurudi Handeni. Watu waliniita Nesi wa Vichaa na mimi nilikuwa naitika. Ukianza kazi hii kwa kugombana na watu juu ya jina, hutapata muda wa kuwatibu. Kulikuwa na mama mmoja wa Mpale, akiniona sokoni anajificha nyuma ya mikungu ya ndizi ili asionekane kwamba ananifahamu. Jioni ananipigia simu kuniuliza kama dawa za mwanawe zinaweza kunywewa pamoja na maziwa. Nilimjibu kila mara kama vile sokoni hatukuonana.

Wengi wenu mtafanya kazi kliniki. Mgonjwa anakuja na ndugu yake, ana kadi, anakaa kwenye benchi. Mimi nataka kuwaambia habari za wale wasioweza kuja: watu walio mahabusu, wanaosubiri kesi zao. Mfungwa ana tarehe ya kutoka, hata ikiwa mbali. Mahabusu hana. Anapelekwa mahakamani, anasimama, anasikia kwamba upelelezi haujakamilika, anarudishwa gerezani, na safari nyingine inakuwa hivyo hivyo. Nimeona watu wazima waliovumilia njaa na misiba wakivunjwa na maneno hayo mawili matatu.

Aliyenifundisha kuingia gerezani ni Mzee Elieza, muuguzi wa zamani aliyekuwa karibu kustaafu nilipoanza. Mshambaa mwenzangu, mfupi, mwenye sauti ya mhubiri. Siku yangu ya kwanza pamoja naye nilizungumza na mahabusu mmoja mtu mzima, akaniambia kwamba kila usiku anasikia garimoshi likimjia kichwani, linapiga honi, ardhi inatetemeka. Nikafurahi. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, na sasa nimempata mtu anayesikia vitu visivyokuwepo, kama kitabu kilivyosema. Nikaandika maelezo marefu. Mzee Elieza akayasoma mpaka mwisho, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya ukuta.

"Unaona nini?"

"Reli, mzee."

"Garimoshi la mizigo linapita hapa usiku. Hata mimi nikilala zamu nalisikia. Tuanze na dozi yangu?"

Alinitania kwa jambo hilo mpaka anastaafu. Lakini tangu siku ile, kabla sijaandika kwamba mtu anaumwa, nilikuwa naangalia kwanza kuna nini nyuma ya ukuta.

Kwa Rajabu, kulikuwa na hati ya mashtaka.

Rajabu si jina lake. Nimelibadilisha, na yeye mwenyewe anajua kwamba naandika habari zake, alisema niandike. Alikuwa mkulima wa machungwa katika kijiji kimoja upande wa Handeni, mtu wa makamo, mrefu, na ndiye aliyekuwa mwadhini wa msikiti wao. Kutoka kijijini kwao kulikuwa na njia ya miguu iliyokwenda mashambani, kwenye makaburi ya ukoo wao, na ng'ambo ya hapo kwenye zahanati ya kijiji cha pili. Ardhi katikati ikachukuliwa na kampuni ya kilimo, ikazungushiwa waya. Njia ikabaki ndani. Kuzunguka kwa barabara kubwa kulikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa mama mjamzito.

Wanakijiji walikwenda kwa mtendaji. Walikwenda wilayani. Walikaa vikao na watu wa kampuni wakapewa soda. Walipochoka kuzungumza, wakaanza kupita.

Walipita hivi. Asubuhi baada ya swala, Rajabu na wenzake wanafika kwenye waya, mmoja anaunyanyua, wengine wanainama, wanaingia. Wanamsalimia mlinzi, wanashika njia yao ile ile ya zamani, wanatokea upande wa pili. Hawagusi zao la mtu. Jioni wanarudi. Mlinzi alikuwa kijana wa watu tu, amewekwa pale. Akiwaambia hairuhusiwi, Rajabu anamjibu, "Tunajua, mwanangu. Andika kwamba tumepita. Anza na jina langu." Wakapita hivyo msimu mzima wa kiangazi.

Kisha siku moja nguzo kadhaa za ule ua zikakutwa zimeng'olewa. Nani aling'oa, mpaka leo hajulikani. Wengine walisema ni ng'ombe, wengine walisema ni vijana. Polisi walipofika kijijini, Rajabu alijitokeza mwenyewe. Akawaambia nguzo hakung'oa wala hakumtuma mtu kung'oa, lakini kupita amepita, na wenzake wamepita kwa sababu yeye aliwaomba.

Kwa sentensi hiyo akashtakiwa kwa kuhujumu uchumi na kuongoza genge la uhalifu.

Nataka mwelewe uzito wake. Kama angeshtakiwa kwa kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, angepata dhamana siku ile ile, akarudi kuchuma machungwa yake. Lakini shtaka lilivyopandishwa, mahakama ya pale haikuwa na uwezo wa kulisikiliza, na hata kujibu hakutakiwa kujibu. Wakili wake alipoomba dhamana mahakama ya juu, upande wa mashtaka ukaleta hati ya kuizuia. Genge lenyewe lilikuwa wakulima wa machungwa, mkunga wa jadi na mwalimu wa madrasa. Hao wengine waliachwa. Wakambakiza kiongozi.

Nilimkuta mara ya kwanza akiwa ameshakaa mahabusu muda mrefu. Aliyeniita ni askari magereza mmoja, Afande Tumaini, mama wa makamo kama mimi aliyekuwa anasimamia wagonjwa na kuratibu mambo ya zahanati ya gereza. Akaniambia, "Kuna huyu mwadhini. Wenzake wanamwomba awaadhinie, hataki. Sasa hata kuongea hataki. Juzi amegawa kanzu yake."

Hilo la kanzu ndilo lililonifanya niache mambo mengine nimwone siku hiyo hiyo. Wanangu, mtu aliyefungiwa akianza kugawa vitu vyake, kanzu leo, sabuni kesho, na hakuna anayemdai na hana mahali anapokwenda, usingoje siku ya kliniki.

Kaeni nao chini kama wamekaa chini. Mimi magoti yalikuwa yameanza kuniuma zamani, lakini nilikaa. Na mwombeni askari asogee mpaka pale anapoona bila kusikia. Wengine watakataa. Afande Tumaini alikuwa anasogea na kujifanya anaangalia nyanya za bustani, na pale hapakuwa na nyanya, kulikuwa na mchicha.

Nilimsalimia Rajabu kwa Kizigua changu kibovu. Akanitazama, akanijibu kwa Kiswahili. Nikamwuliza analala vipi. Halali. Anakula? Anakula akilazimishwa. Mke wake anakuja? Amemwambia asije tena. Nikamwuliza kwa nini.

"Namwambia nini, mama? Kila akija ananiuliza kesi imefika wapi. Kesi haijaondoka pale ilipokuwa."

"Na kanzu?"

Akageuza uso akatazama mchicha.

Hapa ndipo wengi wenu mtaogopa, kwa sababu mtadhani mkiuliza mtampa mtu wazo. Hamtampa. Wazo analo, na amechoka kulibeba peke yake. Ulizeni kwa maneno ya kawaida. Nikamwambia, "Rajabu, unafikiria kujiua?"

Akakusanya miguu yake, akaikumbatia. Halafu akasema, "Najua ni haramu." Akasema tena, "Najua ni haramu, lakini nalifikiria." Na machozi yakamtoka, bila sauti.

Siku ile sikuondoka mpaka mambo manne yamefanyika. Nilizungumza na Afande Tumaini, akampanga alale katikati ya watu wazima wawili wenye akili zao. Nilimpigia daktari. Nilimpigia wakili wake. Na nilimwambia Rajabu mwenyewe yote niliyofanya na kwa nini, kwa sababu mgonjwa akigundua baadaye kwamba ulizunguka nyuma yake, umempoteza. Daktari akaja, akasema ni sonona, na si ndogo. Dawa zikaanza.

Wakili alikuwa binti wa Korogwe, nimwite Neema. Alikuwa mwembamba, anatembea haraka, na alikuwa na tabia ya kula karanga ndani ya gari badala ya chakula cha mchana. Nilipomweleza hali ya Rajabu, akaegemeza kichwa kwenye usukani.

"Mama, wameleta makubaliano," akasema. "Akikiri kuongoza genge, akubali kulipia ua, na aahidi mbele ya mahakama kwamba kijiji hakitapita tena, wanampa adhabu nyepesi. Wameleta na kibali mahakama yetu hii iyapokee. Anaweza kuwa nyumbani mwezi huu."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema lete kalamu."

Nikarudi kwa Rajabu. Nikamwuliza anajua karatasi ile inasema nini. Akanieleza vizuri kabisa, kifungu kwa kifungu, kuliko nilivyoweza mimi. Nikamwuliza kama ni kweli aliongoza genge. Akasema hapana. Nikamwuliza sasa mbona anasaini.

"Ili iishe, mama nesi. Sitaki kushinda. Nataka iishe."

Nikamwuliza kwa utani, nione kama bado kuna mtu ndani anayeweza kucheka. "Wakikuletea karatasi inayosema uliiba reli ya Korogwe nzima na stesheni yake, utasaini?"

Hakucheka. Akafikiri kweli. Akasema, "Wakinirudisha nyumbani, ndiyo."

Siku ya mahakama niliitwa kuzungumza. Neema alisimama akasema mteja wake ni mgonjwa, yuko kwenye matibabu ya mwanzo, na kwamba makubaliano ya kukiri kosa yanataka mtu anayeamua kwa hiari na akili timamu. Wakili wa serikali akasimama. Alikuwa kijana nadhifu, mwerevu, mwenye sauti nzuri. Akasema hii ni mbinu ya kuchelewesha, na kwamba mshtakiwa mwenyewe yuko tayari, ni wakili wake asiyekuwa tayari.

Hakimu, mama mmoja mpole wa sura lakini mgumu, akanigeukia.

"Muuguzi, mshtakiwa anajua alipo?"

"Anajua, Mheshimiwa."

"Anajua anashtakiwa kwa nini?"

"Anajua."

"Sasa tatizo ni nini?"

Nikamweleza habari ya reli ya Korogwe, swali na jibu, kama vilivyokuwa. Watu wa nyuma wakacheka. Hakimu akawatazama mpaka wakanyamaza. Akamtazama Rajabu, aliyekuwa amesimama kizimbani akiangalia vidole vyake vya miguu. Akaandika kwa muda. Kisha akaamuru matibabu yaendelee, daktari alete taarifa, na makubaliano hayo yasiletwe tena mbele yake mpaka daktari aseme mtu huyu anaweza kuamua mambo yake.

Tulipotoka, yule wakili wa serikali alinikuta kwenye varanda. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mama," akasema, "umeona ulichofanya? Mtu angekuwa kwake mwezi huu. Sasa anarudi kulala chini."

"Ungeweza kumpeleka kwake bila karatasi ile, mwanangu. Mshtaki kwa alichofanya. Alipita. Mwenyewe anasema."

"Shtaka si mimi niliyelipanga."

"Ni nani?"

Akatoa simu akaitazama, na hakuna aliyekuwa amempigia. Akasema, "Nina wakubwa wangu, mama," akaondoka.

Maneno yake ya kwanza nilikwenda nayo nyumbani, na yalikaa nami wiki nyingi. Sikuwa na hakika. Nilikuwa naenda gerezani namwona Rajabu amekonda, nasema moyoni, kijana yule alikuwa na haki, ningenyamaza huyu mtu angekuwa anakula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mke wake. Nawaambia haya msije mkadhani kwamba ukifanya jambo sahihi utaambiwa mara moja na moyo wako. Mimi sikuambiwa. Niliendelea tu kwenda.

Dawa za sonona ni za polepole. Mwambieni mgonjwa hivyo tangu siku ya kwanza, na mwambieni kwamba mwanzoni anaweza kupata madhara yake kabla ya kuona faida, mdomo kukauka, tumbo kuvurugika. Msipomwambia ataacha wiki ya kwanza, na atakuwa na sababu. Afande Tumaini akamwomba Rajabu amsaidie kumwagilia ule mchicha. Siku za mwanzo alikuwa anamwagilia sehemu moja mpaka panakuwa tope, amesahau kusogea. Kisha akawa anasogea. Kisha siku moja akamwambia Tumaini kwamba mchicha ule umepandwa vibaya, na Tumaini akanipigia simu kwa furaha kuniambia ametukanwa.

Tukamwomba amruhusu mke wake aje. Akakubali kwa shingo upande. Mwanaisha akaja na basi la asubuhi kutoka Handeni, ameshika hotpoti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Nilikuwepo, Rajabu aliniomba nikae.

Mwanaisha hakumwuliza habari ya kesi. Nilikuwa nimemwomba asiulize. Walizungumza kuhusu machungwa, kuhusu mbuzi mmoja, kuhusu mtoto wa dada yake aliyechumbiwa Kwamsisi. Halafu Rajabu akauliza yeye mwenyewe.

"Na njia?"

"Tunapita."

"Mwenyekiti wa kijiji si alisema muache?"

"Alisema. Tunapita."

"Nani anawaongoza?"

"Hakuna anayetuongoza. Asubuhi ikifika tunakwenda. Yule mlinzi siku hizi anaanza na jina langu."

Rajabu akafunika uso kwa viganja. Nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. Mabega yalikuwa yanatikisika, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kusikia kicheko chake, kizito, kama cha mtu mnene.

Alipotulia akasema, "Na wakikukamata?"

"Wakinikamata utakuja kuniona wewe. Na usije mikono mitupu."

Sitaki kuwadanganya kwamba siku ile alipona. Baada ya hapo kuna wiki alirudi chini tena, kesi ilipoahirishwa kwa maneno yale yale. Lakini alianza kuongea na wenzake, na kanzu yake akarudishiwa na yule aliyempa, imefuliwa. Watu wa kijiji nao wakaanza kuja siku za kesi. Walikuwa wanakaa nje chini ya ukuta wa mahakama, wanawake na wanaume, kimya, bila bango wala nini. Karani akiwauliza wanataka nini, wanasema wamemsindikiza ndugu yao. Wakiambiwa waondoke wanasogea kidogo, wanakaa tena.

Daktari alipoandika kwamba Rajabu sasa anaweza kuamua mambo yake, karatasi ya makubaliano ikarudi haraka, kama iliyokuwa inasubiri mlangoni. Masharti yalikuwa yale yale. Neema akamsomea yote gerezani, taratibu, akamweleza akikubali itakuwaje na akikataa itakuwaje. Hakumficha kwamba akikataa anaweza kukaa ndani mwaka mwingine.

Rajabu akanigeukia.

"Mama nesi, mimi mzima?"

"Daktari amesema unaweza kuamua."

"Sikumwuliza daktari."

Nikamtazama vizuri. "Mzima wa kutosha," nikamwambia.

"Basi wakili, andika. Nilipita, na nitasema nilipita popote watakaponiuliza. Nguzo sikung'oa. Genge sina. Na njia ya watu siwezi kuiuza mimi ili nikalale kwangu. Sisaini."

Aliyasema polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Neema akaandika. Akafunga faili.

Tulirudi kwenye kuahirishwa. Niliogopa sana kipindi kile, nikawa nakwenda gerezani hata siku ambazo hazikuwa zangu. Halafu asubuhi moja, bila kumwandaa mtu, wakili wa serikali akasimama akasema upande wake hauna nia ya kuendelea na shauri. Hakimu akamwachia Rajabu. Watu wa nje wakaanza kusimama. Mwanaisha alikuwa ameshafika ngazini amnyooshee mkono, na hapo polisi wawili wakamshika Rajabu upya mbele ya mlango.

Akakaa chini kwenye vumbi, macho yamerudi yale ya zamani, yanayotazama pasipo na kitu. Nikakaa karibu naye, gauni jeupe na vumbi lile jekundu. Askari mmoja akasema, "Mama, simama, tuna kazi." Nikamwambia na mimi ninayo, anipe dakika. Akanipa, lazima niseme hivyo, alinipa. Nikamshika Rajabu mkono nikamwambia, "Vuta pumzi na mimi. Usifikirie leo. Fikiria kitu kimoja, wanakushtaki kwa nini sasa. Neema ameenda kuuliza."

Neema akarudi anakimbia. "Kuingia kwa jinai," akasema. "Basi. Hakuna genge, hakuna uchumi. Lina dhamana."

Rajabu akarudia polepole, "Kuingia." Akasema, "Hilo ni langu." Akasimama mwenyewe.

Akalala kituoni, kesho yake akadhaminiwa, akaenda kwao. Kesi ilipoitwa, Neema alitaka kupigana. Alikuwa na wazee wa kushuhudia kwamba njia ile ilikuwepo kabla ya waya, na alisema tunaweza kushinda. Rajabu akamwambia hilo la njia alipeleke kwenye baraza la ardhi, apiganie huko kwa nguvu zote. Hapa yeye ameulizwa alipita au hakupita.

Hakimu alikuwa yule yule. Rajabu akasomewa shtaka, akaulizwa anasemaje.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Nilipita."

Wakili wa serikali akaomba kifungo, iwe fundisho kwa wengine. Aliomba akiwa anasoma, hakuinua macho. Hakimu akamwambia Rajabu kwamba kwa muda aliokaa ndani, yeye angependa kumwachia kwa masharti, na sharti ni kwamba asirudie kosa.

"Utaahidi kwamba hutapita tena?"

Neema akafumba macho. Mimi nikashika ukingo wa benchi.

"Mheshimiwa, nikikuahidi nitakudanganya," akasema Rajabu. "Wazazi wangu wamezikwa kule. Na wanawake wetu wanajifungulia kule. Nipe adhabu, nitaifanya, lakini ahadi hiyo sina."

Hakimu alimtazama kwa muda mrefu. Nimekaa mahakamani mara nyingi, sijamwona hakimu akimtazama mshtakiwa hivyo. Halafu akampa adhabu ya huduma kwa jamii: kufyeka na kusafisha uwanja wa zahanati iliyo karibu na kijiji chake, kila asubuhi, kwa miezi aliyoitaja. Zahanati yenyewe ilikuwa ile ya ng'ambo ya waya. Kama hakimu alilijua hilo au hakulijua, mimi sijui, na sikuwahi kumwuliza.

Afisa anayesimamia adhabu hizo alimwita Rajabu kumpa utaratibu. Tulikuwepo mimi na Mwanaisha. Akamwambia atatakiwa kufika asubuhi na mapema, na akichelewa ataripotiwa.

"Nitawahi," akasema Rajabu, "kama nitapita njia fupi."

Afisa alikuwa mtu wa makamo, amechoka, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaisoma ile amri tena juu mpaka chini.

"Hapa nimeandikiwa saa ya kufika," akasema. "Njia sijaandikiwa."

Ndivyo ilivyokwenda. Shauri la njia bado liko kwenye baraza la ardhi, na Neema bado anakula karanga ndani ya gari. Rajabu aliendelea na dawa muda mrefu baada ya kesi kwisha, kisha daktari akazipunguza kidogo kidogo. Kuna asubuhi bado zinamshinda. Akiona gari la polisi barabarani anakaa kwanza. Yule wakili wa serikali alihamishwa. Nasikia anafanya kazi vizuri huko alipo, na sina sababu ya kutoamini.

Mimi nikastaafu katikati ya adhabu yake. Wiki iliyofuata nikaenda kijijini kwao kama mgeni, nikalala kwa Mwanaisha, na asubuhi nikaamka nao. Sikuwa tena na mkubwa wa kumwomba ruhusa. Tulifika kwenye waya tukiwa kundi, Rajabu ana fyekeo lake begani, mkunga ana mkoba, kuna mama mjamzito aliyekuwa anakwenda kupimwa. Mwanaisha akaunyanyua waya. Rajabu akaniambia, "Inama, mama nesi, utachana kitenge." Nikainama, magoti yakalia, nikapita.

Mlinzi akatusalimia. Akamwuliza Mwanaisha mimi naitwa nani. Nikamtajia jina langu lote, la baba na la babu, akaliandika. Tukaendelea na safari.